Bibi Dekha wa Wajir: Amani Iliyoanza Sokoni

Somo hili la historia ni la ninyi nyote mlio katika madarasa ya watu wazima ya Mbeya na Iringa. Aliyechelewa shambani, au ambaye redio yake haikusikika vizuri, asihuzunike. Maneno yote ya somo yamepigwa chapa hapa. Someni polepole, mmoja akisoma kwa sauti na wengine wakifuata kwa kidole. Mwishoni mtakuta maswali ya kuzungumza pamoja.

Mara nyingi historia tunayosoma ni historia ya vita. Watu wa Iringa mwaijua Lugalo, mahali ambapo tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Mtwa Mkwawa lilishinda jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Zelewski. Mwaijua Kalenga pia, na fuvu la Mkwawa lililorudishwa huko mwaka 1954. Vita vina mahali pake, vina tarehe zake, na watoto huvijifunza shuleni.

Lakini mtu aliyezuia vita anakumbukwa kwa lipi? Siku ambayo watu hawakupigana haina jina. Ng'ombe wamekunywa maji, watoto wamekwenda shule, jua limetua. Hakuna anayeiandika siku hiyo kitabuni. Basi leo tutamsoma mtu mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuzifanya siku za namna hiyo ziwe nyingi. Jina lake ni Dekha Ibrahim Abdi, mwanamke wa Wajir, katika nchi ya jirani zetu Kenya. Tutasoma jinsi alivyoanza, jinsi alivyopata heshima mbele ya watu, na heshima hiyo ilitoka wapi.

1. Nchi ya Wajir

Wajir iko kaskazini-mashariki ya Kenya, karibu na mipaka ya Somalia na Ethiopia. Ninyi mliozoea ukungu wa Uporoto, viazi vya Uyole na majani ya chai ya Mufindi, fikirini nchi iliyo kinyume cha hayo yote. Mvua ni chache, miti ni ya miiba, na jua ni kali. Watu wengi ni Wasomali, tena Waislamu. Wanafuga ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo, nao huhama kufuata malisho. Mali yao ni mifugo, na uhai wa mifugo ni kisima. Kwa hiyo anayeshika kisima ameshika uhai wa watu.

Wasomali hao husema lugha moja na dini yao ni moja, lakini wamegawanyika katika koo. Katika Wajir koo kubwa ni tatu: Degodia, Ajuran na Ogaden. Ziko na koo nyingine ndogo. Ukoo ni kama ukuta wa nyumba. Humlinda mtu akipatwa na shida, na humlipia fidia akikosa. Lakini ukuta huo huo waweza kumzuia mtu asimwone jirani yake.

Tena watu wa Wajir hawakuwa na imani kubwa na serikali. Mara baada ya Kenya kupata uhuru mwaka 1963, palizuka vita katika sehemu hiyo, maana baadhi ya watu walitaka kujiunga na Somalia. Vita hivyo vilidumu mpaka mwaka 1967. Sheria za hali ya hatari ziliwekwa, nazo zikaendelea mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwezi wa Februari 1984, askari waliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, na watu wengi wakauawa. Serikali ya wakati ule ilitaja watu 57. Wengine hutaja mamia, na wengine zaidi ya elfu. Yakumbukeni haya, maana yanatuonyesha kwamba watu wa Wajir walipopatwa na taabu hawakuwa na desturi ya kukimbilia ofisini kuomba msaada.

2. Jinsi magomvi yalivyozuka

Dekha alizaliwa Wajir mwaka 1964. Alipokuwa mtu mzima, mambo matatu yalikuja kwa pamoja. La kwanza ni ukame. Katika miaka ya 1991 na 1992 mvua ilikosekana na mifugo mingi ikafa. La pili ni bunduki. Mwezi wa Januari 1991 serikali ya Siad Barre ilianguka huko Somalia, na silaha zikavuka mpaka pamoja na wakimbizi. La tatu ni siasa. Mwaka 1992 Kenya ilifanya uchaguzi wa vyama vingi, na kila ukoo ukataka mbunge awe mtu wake.

Ukame, bunduki na siasa vikikutana, hata neno dogo huwa cheche kwenye nyasi kavu. Ngamia wakiibwa, watu hulipiza kisasi. Kisasi nacho huzaa kisasi kingine. Tangu mwaka 1992 mpaka 1995 zaidi ya watu elfu moja waliuawa katika Wajir. Mifugo mingi iliporwa, walimu na matabibu wengi wakakimbia, na barabara zikawa za hatari.

Vita viliingia hata sokoni. Mwanamke wa ukoo huu alikataa kununua maziwa ya mwanamke wa ukoo ule. Mwenye duka alimtazama mteja usoni kwanza, ajue ni mtoto wa nani. Wanawake walitukanana na kupigana mbele ya bidhaa zao. Wahenga walisema, wapiganapo tembo nyasi huumia. Lakini katika Wajir nyasi nazo zilikuwa zimeanza kuchomana.

3. Wanawake wachache

Bibi Dekha alikuwa mama kijana. Usiku mmoja risasi zililia mjini, naye akajificha chini ya kitanda pamoja na mtoto wake mchanga. Mama yake alimkumbusha kwamba wakati wa vita vya miaka ya 1960 yeye naye alimficha Dekha namna hiyo hiyo, akiwa mtoto mdogo. Fikirini jambo hili. Mama amemficha binti, sasa binti anamficha mtoto wake. Je, huyo mtoto naye aje kumficha wa kwake? Bibi Dekha aliisimulia habari hii mara nyingi baadaye, akasema kwamba hapo ndipo alipoona kuwa jambo hili lazima likome.

Lakini angelikomesha kwa nguvu gani? Hakuwa mzee wa ukoo. Hakuwa shehe, wala mbunge, wala mkuu wa wilaya. Alikuwa mwanamke, tena hajafika miaka 30. Kwa desturi, mazungumzo ya vita na amani yalikuwa ya wazee wanaume chini ya mti.

Mwaka 1992 wanawake wachache wa koo mbalimbali walikutana katika arusi. Arusini hakuna aliyefukuzwa, na kwa muda mfupi walikaa pamoja kama zamani. Walianza kuulizana: kwa nini tunaweza kula pamoja hapa, na kesho sokoni tusisemezane? Wakakubaliana kukutana tena. Waliwaita wanawake wengine, wakazungumza kwa uchungu mambo waliyotendeana. Halafu wakachagua mahali pa kuanzia. Hawakuanza na bunduki, maana bunduki hazikuwa mikononi mwao. Walianza na soko, maana soko lilikuwa lao.

Waliazimia kwamba mwanamke wa ukoo wo wote awe huru kuuza na kununua katika soko la Wajir. Waliweka watu wa kuangalia. Ugomvi ukitokea, walikwenda upesi kuusikiliza na kuutuliza kabla habari haijafika nyumbani kwa wanaume. Hili laonekana jambo dogo. Lakini mwafahamu ninyi mnaouza Mwanjelwa au katika Soko Kuu la Iringa jinsi habari ya sokoni inavyokimbia. Neno la matusi likitamkwa saa tatu asubuhi, saa sita limefika kijijini, tena limeongezwa chumvi. Mwenye kuzuia neno hilo sokoni amezuia jambo kubwa.

4. Kwenda kwa wazee

Soko lilipopata utulivu, wanawake wakaona kwamba haitoshi. Vita vya malishoni viliamuliwa na wazee. Basi ilikuwa lazima kuwaendea wazee. Hapa twaona hekima ya kazi yao.

Kama wanawake wa Degodia wangeita mkutano, Ajuran wangesema ni hila. Kama Ajuran wangeita, Ogaden wangesema vivyo hivyo. Kwa hiyo waliwatafuta wazee wa koo ndogo, ambazo hazikuwa na nguvu ya kushinda vita wala tamaa ya kutawala visima. Wazee hao waliombwa wawe waitaji na waongozaji wa mazungumzo. Ukoo mdogo, ambao siku nyingine haungesikilizwa, ukawa daraja la koo kubwa. Wanawake wenyewe hawakudai kiti cha mbele. Walitaka mazungumzo yafanyike.

Mwaka 1993 wazee wa koo zote walikubaliana, wakatoa Tamko la Al Fatah. Tamko hilo liliweka kanuni za kuishi pamoja na za kumaliza magomvi, ili kosa la mtu mmoja lisiwe vita vya ukoo mzima. Mtu akiiba au akiua, ukoo wake upaswe kurudisha mali na kulipa dia, nao wengine wajizuie kulipiza kisasi.

Je, vita viliisha siku ile? Havikuisha. Magomvi yalitokea tena mwaka uliofuata. Karatasi haizuii risasi. Kwa hiyo ilibidi kupata watu wa kuilinda ile karatasi kila siku.

5. Kamati ya Amani

Wanawake hawakubaki peke yao. Vijana waliunda kikundi chao, maana vijana ndio waliobeba silaha. Wafanya biashara, masheikhe na watumishi wa serikali waliingia pia. Mwaka 1995 vikundi hivi vyote viliunganishwa katika Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir, chini ya mpango wa maendeleo wa wilaya. Bibi Dekha alikuwa katibu wake.

Kamati hiyo ilifanya kazi namna gani? Sikilizeni vizuri, maana ni jambo linaloweza kufuatwa mahali pengine.

Kwanza, ilikuwa na kikosi cha kwenda upesi. Habari ikifika kwamba ngamia wameibwa au mtu ameuawa mahali fulani, gari liliondoka na mzee, mwanamke, kijana, shehe na mtu wa usalama ndani yake. Walifika kabla hasira haijaiva. Walimtafuta mkosaji, wakawasihi wafiwa wangojee sheria na dia.

Pili, walifundishana. Machifu, wazee na askari walikutana kujifunza jinsi ugomvi unavyoanza na jinsi unavyotulizwa.

Tatu, walifanya sikukuu ya amani, na chifu ambaye eneo lake lilikuwa na utulivu kuliko mengine alipewa zawadi mbele ya watu wote. Hapa twarudi kwenye lile swali letu la mwanzo. Wajir walijaribu kuipa jina ile siku ambayo watu hawakupigana.

Mpango huo ulionekana kuwa mwema hata nje ya Wajir. Kamati za amani za namna hiyo zikaanzishwa katika wilaya nyingine za kaskazini ya Kenya, kisha katika sehemu nyingi za nchi, na mwaka 2001 serikali iliweka halmashauri ya taifa ya kusimamia kazi ya amani. Jambo lililoanzishwa na wanawake wachache arusini likawa sehemu ya utawala wa nchi.

6. Heshima nchini na duniani

Bibi Dekha alikwenda Uingereza, akawa mmoja wa wakufunzi katika mji wa Birmingham, katika shirika liitwalo Responding to Conflict, lililofundisha watu namna ya kushughulikia magomvi. Alikuwa mmoja wa watu walioandika kitabu cha mafunzo juu ya kazi hiyo, kilichotolewa mwaka 2000. Alisaidia kuanzisha umoja wa watu wa amani katika Afrika. Alifundisha Uganda, Ethiopia, Afrika Kusini, na hata Cambodia katika Asia.

Mwaka huo huo wa 2000, tarehe 31 Oktoba, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio namba 1325. Azimio hilo lasema kwamba wanawake yapasa washirikishwe katika kuzuia vita na katika kufanya amani. Angalieni tarehe. Wanawake wa Wajir walikuwa wameanza miaka 8 kabla ya hapo, bila azimio.

Mwaka 2007 Bibi Dekha alipewa Tuzo ya Right Livelihood huko Stockholm, Sweden. Tuzo hii ilianzishwa mwaka 1980, na mwaka 1984 Mkenya mwingine, Wangari Maathai, alikuwa ameipata. Bibi Dekha aliipata kwa sababu alionyesha kwamba watu wa dini na asili mbalimbali waweza kupatanishwa hata baada ya kumwaga damu. Mwaka 2009 alipata pia Tuzo ya Amani ya Hessen, katika Ujerumani.

Tuzo ni kitu chema. Lakini jaribio la kweli lilimfika mara tu baada ya tuzo ile ya kwanza. Tarehe 27 Desemba 2007 Wakenya walipiga kura kumchagua Rais. Matokeo yalipotangazwa tarehe 30 Desemba, watu wakayakataa, na mapigano yakaenea. Katika muda wa miezi miwili zaidi ya watu 1,100 walikufa, na watu kama 600,000 walikimbia makwao. Waliokuwa majirani jana walichomeana nyumba leo. Serikali na upinzani hawakuaminiana hata kidogo.

Siku moja baada ya matokeo, watu watano walikutana katika hoteli ya Serena mjini Nairobi. Walikuwa Balozi Bethuel Kiplagat, Jemadari Daniel Opande, Jemadari Lazaro Sumbeiywo, Bwana George Wachira na Bibi Dekha Ibrahim. Walijiita Raia Wanaojali Amani. Walifungua milango, na kila asubuhi watu wa kila namna walikuja kuleta habari na kupanga kazi: watu wa dini, wafanya biashara, watangazaji wa habari, vijana. Habari za hatari zilikusanywa kutoka wilayani, hata kwa ujumbe mfupi wa simu, ili watu wa amani waliokuwa karibu wapate kwenda. Viongozi waliombwa wakae mezani.

Bwana Kofi Annan, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alikuja kuongoza mazungumzo. Tarehe 28 Februari 2008 Mwai Kibaki na Raila Odinga walitia sahihi mapatano. Hatusemi kwamba Bibi Dekha na wenzake ndio walioleta mapatano peke yao. Lakini wakati watu walipokosa imani na ofisi, palikuwapo watu ambao pande zote mbili ziliweza kuwasikiliza. Mabalozi na majemadari hao walikuwa na vyeo vikubwa maishani mwao. Mwanamke huyu alikaa nao meza moja, na cheo chake kilikuwa kazi aliyoifanya Wajir.

7. Mwisho wa maisha yake

Mwezi wa Julai 2011 Bibi Dekha alikuwa safarini kwenda Garissa katika kazi yake ile ile ya amani. Gari lilipata ajali. Mumewe alikufa katika ajali hiyo. Bibi Dekha aliumia vibaya, akafa Nairobi tarehe 14 Julai 2011. Hakufika umri wa miaka 50. Alilililiwa na watu wa dini na makabila mengi.

Historia ya kweli haifichi neno. Baada ya kifo chake magomvi ya koo yalizuka tena. Mwaka 2014 watu wa Degodia na Garre walipigana katika mipaka ya Wajir na Mandera, na maelfu ya watu wakahama. Je, ndiyo kusema kazi ya Bibi Dekha ilikuwa bure? Sivyo. Mkulima akipalilia shamba mwaka huu, magugu huota tena mwaka ujao. Hatusemi kwamba alipalilia bure, maana mwaka ule alivuna. Twasema shika jembe tena. Amani ni shamba la namna hiyo, nayo yataka mikono mipya kila msimu.

8. Heshima yake ilitoka wapi?

Sasa tufikiri. Iko heshima ya cheo. Ninyi wa Iringa na Njombe mlimwona Bibi Anne Makinda, mzaliwa wa Njombe, akikaa katika kiti cha Spika wa Bunge tangu mwaka 2010 mpaka 2015, mwanamke wa kwanza kukikalia kiti hicho katika Tanzania. Hiyo ni heshima kubwa, na ina kiti chake, na sheria yake, na watu husimama anapoingia.

Heshima ya Bibi Dekha haikuwa na kiti. Hakuna sheria iliyomlazimisha mzee ye yote kumsikiliza. Hakuwa na askari wa kumtuma. Mali yake ilikuwa moja tu, nayo ni imani ya watu. Tena imani ya mpatanishi ni mali ngumu kutunza. Mkuu wa wilaya akikosea siku moja, kesho bado ni mkuu wa wilaya. Mpatanishi akipendelea ukoo wake siku moja tu, kazi yake imekwisha.

Aliipata imani hiyo kwa mambo ambayo tumeyasoma. Alianza mahali alipokuwa na uwezo, yaani sokoni, kati ya wanawake wenzake. Yeye na wenzake walisema kwanza makosa ya upande wao, kabla ya kutaja makosa ya wengine. Waliwapa wazee wa koo ndogo nafasi ya kuongoza, wala hawakugombea sifa. Na walirudi kila siku, hata baada ya mapatano kuvunjika. Aliyeonekana akifanya hivyo miaka mingi hana haja ya kujisifu. Watu wenyewe husema: mwiteni yule.

9. Na huku kwetu

Wajir ni mbali, lakini mambo yake si mageni kwetu. Katika bonde la Usangu, mkoani Mbeya, wakulima wa mpunga na wafugaji wanataka maji yale yale yanayokwenda katika mto Ruaha Mkuu. Mwaka 2006 serikali iliwaondoa wafugaji wengi na mifugo yao huko Usangu ili kuokoa mto huo. Huko Pawaga, mkoani Iringa, mnayafahamu pia magomvi ya ng'ombe kuingia shambani. Mwenye shamba analia kwa sababu chakula cha watoto wake kimeliwa. Mwenye ng'ombe analia kwa sababu mifugo yake imekosa njia ya kwenda majini. Kila mmoja ana haki yake, na kila mmoja ana fimbo yake.

Siku baraza linapoitwa kwa shauri kama hilo, ni nani huketi mbele? Na mama aliyemwuzia maziwa mke wa mkulima, akanunua kwake mchele, naye huulizwa neno? Yeye anazifahamu nyumba zote mbili. Anajua ni nani ana hasira na ni nani yuko tayari kusamehe. Tukimwacha nje ya baraza, tumeacha nje habari tunayoihitaji sana. Na ninyi akina mama mnaosoma somo hili, msingojee kuitwa. Wanawake wa Wajir hawakuitwa na mtu.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kuziba ufa ni kazi ndogo isiyo na sifa. Kujenga ukuta kila mtu hukuona. Lakini gharama ya ukuta mwaijua.

Maswali ya mazungumzo

1. Taja mambo matatu yaliyosababisha magomvi ya Wajir kukua baada ya mwaka 1991.
2. Kwa nini wanawake walianza kazi yao sokoni?
3. Kwa nini wazee wa koo ndogo waliombwa waongoze mazungumzo?
4. Kuna tofauti gani kati ya heshima ya cheo na heshima ya mpatanishi? Toeni mifano ya watu mnaowafahamu, bila kutaja majina.
5. Katika kijiji chenu, ugomvi wa mwisho wa maji, shamba au mifugo ulimalizwaje? Ni nani hakuulizwa, ambaye angefaa kuulizwa?

Kazi ya nyumbani: Andikeni katika daftari mistari mitano juu ya siku moja ambayo ugomvi ulikaribia kutokea kijijini kwenu, na mtu akauzuia. Andikeni alifanya nini. Andikeni na tarehe, kama mwaikumbuka.